Chumba cha mtoto mdogo kwa mtindo wa enzi ya Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazazi wanaotaka chumba cha mtoto kiwe na sura ya zamani huuliza maswali yaleyale. Hapa nimejibu kwa kirefu pale penye hatari na pale penye utamu wa historia. Kwingine nimepita haraka.

Enzi ya Victoria ni ipi hasa?

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hadi alipofariki Januari 1901. Hiyo ni miaka 63 na ushee, kwa hiyo mtu akikuambia "mtindo wa Victoria" kana kwamba ni kitu kimoja, muulize wa lini. Miaka ya 1850 na 1860 ndiyo iliyojaa mahameli, tamvua na nakshi nzito. Kuanzia miaka ya 1870 ladha ilibadilika: maua yakachorwa bapa badala ya kuigwa kama yalivyo bustanini, rangi zikapoa, samani zikapungua uzito. Kwa chumba cha mtoto mimi huchagua kipindi hicho cha mwisho, kwani ndipo wabunifu wakubwa walipoanza kuchora vitu wakiwa wamemfikiria mtoto.

Chumba hakitakuwa kizito na cha giza?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mzazi, na linatokana na picha moja: sebule ya zamani yenye mapazia mazito, makochi mekundu na vikorokoro mezani hadi hakuna pa kuweka kikombe. Sebule ilikuwa hivyo kweli. Lakini chumba cha watoto hakikuwa sebule.

Katika nyumba za wenye uwezo, watoto walikaa ghorofa ya juu pamoja na yaya. Palikuwa na chumba cha mchana, cha kula na kucheza, na chumba cha usiku cha kulala. Wageni hawakupanda huko, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kujionyesha. Meza iliyochakaa sebuleni ilipandishwa juu, kiti kilichokatika mguu kikatengenezwa na kupandishwa juu, zulia lililopauka nalo likafuata njia hiyo hiyo. Kuta zilipakwa chokaa au rangi nyepesi, madirisha yakawekewa nondo, na meko ikazungushiwa kizuizi kirefu cha waya ili mtoto asiungue. Kadiri karne ilivyokaribia mwisho, waandishi wa mambo ya afya wakazidi kusisitiza hewa, mwanga na vitu vinavyofutika.

Kwa hiyo chumba chepesi chenye samani chache zisizofanana ni cha kihistoria kuliko kile kilichosheheni vitu. Ukikumbuka hilo moja, majibu mengi yaliyobaki utayakisia mwenyewe.

Nipake rangi gani?

Nyeupe iliyovunjwa kidogo, kijani cha majani makavu, buluu ya kijivu, manjano ya siagi. Rangi hizi zinaendana na mbao na chuma cheusi, na hazimchoshi mtu anayeamka saa tisa usiku kunyonyesha. Ukitamani kitu cha kuchangamsha, tafuta zambarau kidogo. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini katika maabara yake, akapata rangi ya zambarau badala ya dawa. Kabla ya hapo zambarau nzuri ilikuwa ghali mno. Baada yake mtu wa kawaida aliweza kuvaa utepe wa rangi hiyo. Mto mmoja au ukingo wa pazia unatosha.

Pinki kwa msichana na buluu kwa mvulana, si ndiyo desturi ya zamani?

Hapana. Katika karne ya 19 watoto wachanga wa jinsia zote walivaa nguo nyeupe kwa sababu nyeupe huchemshwa ikatakata, na wavulana wadogo walivaa magauni kama dada zao kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa suruali. Hata mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto Marekani lilishauri kinyume kabisa: pinki kwa wavulana, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na buluu kwa wasichana, kwa kuwa ni ya upole. Paka unayoipenda.

Karatasi za ukutani za kijani zilikuwa na sumu kweli?

Kweli kabisa, na simulizi yake inafaa kusikiwa kabla hujaanza kutafuta karatasi halisi za zamani za kubandika.

Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele alitengeneza rangi ya kijani kutokana na shaba na aseniki. Mwaka 1814 ikaja nyingine ya kung'aa zaidi, nayo ina aseniki vilevile. Zilikuwa nzuri na za bei nafuu, zikaingia kwenye karatasi za ukutani, maua ya bandia, nguo, hata vitu vya kuchezea. Unyevunyevu ulipopenya, rangi ilipukutika ikawa vumbi, na mwishoni mwa karne mtafiti wa Kiitalia Bartolomeo Gosio alionyesha kwamba ukungu unaoota juu ya rangi hizo hutoa gesi yenye aseniki, inayonuka kama kitunguu saumu. Hata karatasi za mwanzo za mbunifu wa Kiingereza William Morris, ambazo leo ndizo alama ya enzi ile, zilikutwa na aseniki. Morris mwenyewe alitoka katika familia yenye hisa kwenye mgodi wa shaba na aseniki, naye aliona madaktari wanakuza mambo.

Basi: michoro ya Morris, ndiyo, karatasi zake za miaka ya 1860, hapana. Nunua zilizochapwa sasa. Ukivua karatasi kuukuu katika nyumba ya kale ukakuta tabaka la kijani kikali chini yake, acha kukwangua, funga mlango, tafuta fundi anayejua kuondoa vitu vyenye sumu. Usiwe shujaa.

Michoro gani inamfaa mtoto?

Msanii Walter Crane alianza kuchora karatasi za ukutani za vyumba vya watoto mwaka 1875, kwa kampuni ya Jeffrey & Co. ya London. Alichora watu wa mashairi na ngano za watoto, kwa mistari minene na rangi bapa, namna ambayo jicho la mtoto linaweza kuifuata kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Ukichagua karatasi yoyote leo, fuata kipimo hicho: simama mlangoni, tazama kama utamwona ndege, sungura au jani moja waziwazi. Ukiona fujo tu, mtoto naye ataona fujo.

Na usiibandike chumba kizima. Ukuta mmoja, ule usiotazamana na kitanda.

Ule ukanda wa mbao katikati ya ukuta unawekwa kwa urefu gani?

Kwa kawaida karibu sentimita 90 kutoka sakafuni. Ukuta wa enzi ile uligawanywa mara tatu: sehemu ya chini, ngumu na yenye rangi iliyoiva, sehemu kubwa ya kati, na mkanda wa juu karibu na dari. Kwa mtoto mgawanyo huu ni zawadi. Chini ya ukanda ndiko mikono yenye uji inakofika, ndiko kalamu za rangi na magurudumu ya vigari. Hapo weka mbao nyembamba za wima, au karatasi nene yenye nakshi za kuinuka, kisha paka rangi inayooshwa. Karatasi za namna hiyo nazo ni za enzi: Lincrusta ilibuniwa na Frederick Walton mwaka 1877, na Anaglypta, iliyo nyepesi zaidi, ikaja miaka kumi baadaye. Zote bado zinatengenezwa.

Dari ikiwa fupi, acha mkanda wa juu. Vipande vitatu kwenye ukuta mfupi hukifanya chumba kionekane kimekandamizwa.

Nimerithi kitanda cha mtoto cha chuma kilichotumiwa na bibi. Mtoto wangu alale humo?

Najua jibu hili halipendwi: asilale humo akiwa mchanga, hadi kipimwe sehemu kwa sehemu, na mara nyingi kikipimwa kinashindwa.

Anza na nafasi kati ya fito. Marekani kanuni inataka isizidi takriban sentimita 6. Ulaya iwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Vitanda vya kale vina nafasi pana zaidi, na hatari yake ni ya kutisha: mwili wa mtoto hupita, kichwa kinabaki. Jaribu na kopo la soda la kawaida. Likipita, mambo yameishia hapo. Kisha angalia nguzo za pembeni. Zikichomoza juu ya ukingo, nguo ya mtoto hunasa. Angalia mapambo yenye matundu kwenye ubao wa kichwani, kwani shingo au mkono unaweza kubanwa. Upande unaopandishwa na kushushwa nao haufai. Marekani ilipiga marufuku vitanda vya aina hiyo mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto. Godoro lazima lijae kitanda bila kuacha mwanya wa kupitisha vidole viwili, na vitanda vya zamani havikufuata vipimo vya magodoro ya leo.

Mwisho kuna rangi. Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na zina ladha tamutamu, ndiyo maana watoto huzilamba na kuzitafuna. Marekani ilizizuia majumbani mwaka 1978 tu, kwa hiyo hata kitu kisicho cha kale sana kinaweza kuwa nazo.

Niliwahi kukaa na kitanda kama hicho kwa miezi miwili nikijidanganya kwamba nitakirekebisha. Kiliishia kuwa kochi la wanasesere pembeni ya dirisha, kimepakwa upya na mtu anayejua kazi yake, na kila anayeingia hukisifia hicho kwanza. Mtoto alilala kwenye kitanda kipya cha fito nyeupe chenye umbo lilelile. Vitanda vya chuma vilipendwa zamani kwa sababu kunguni hawakupata pa kujificha kama kwenye mbao. Sura hiyo unaweza kuinunua mpya.

Na pazia la lesi juu ya kitanda?

Kwa mtoto mchanga, hapana. Wala mito, wala mfarishi, wala vizuizi laini vya kuzungushia fito, ambavyo Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2022. Katika mwaka wa kwanza mtoto alale chali kwenye godoro gumu lenye shuka iliyobana, basi. Mfarishi wa viraka uliokuumiza vidole kuushona uutundike ukutani mbali na kitanda. Utaonekana vizuri zaidi huko. Akifikisha miaka mitatu au minne na kuhamia kitanda kikubwa, ndipo lesi ishuke kutoka darini, ikiwa fupi na imefungwa kwa kitu kinachoachia kikivutwa.

Kamba za mapazia ya dirishani zina hatari hiyohiyo ya kunyonga. Tumia mapazia ya pete kwenye fimbo ya mbao, ambayo ndiyo yaliyotumika zamani hata hivyo.

Kabati na droo za kale je?

Hapa ndipo pesa zako ziende. Droo za mbao nzito zilizotengenezwa miaka 120 iliyopita mara nyingi bado zinateleza vizuri kuliko za leo, na mtoto halali ndani yake. Masharti ni mawili. Zifunge ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu zinazoingia kwenye ukuta imara, maana mtoto wa miaka miwili huvuta droo zote na kuzifanya ngazi, na kabati la mwaloni halisamehe. Na kama zimepakwa rangi, zipimwe risasi kabla hujagusa msasa. Kusugua rangi ya risasi huigeuza kuwa vumbi, na vumbi hilo ni baya kuliko rangi ilivyokuwa imetulia pale pale.

Kufuli toa, au toa ufunguo. Masanduku makubwa ya mbao yenye mfuniko mzito hayafai kuwekea vitu vya kuchezea; watoto huingia wakajificha. Toa mfuniko uligeuze kapu.

Sakafu niweke nini?

Mbao tupu na busati dogo linalofulika. Au linoleamu, ambayo watu wengi hudhani ni ya miaka ya 1950. Aliyeibuni ni yuleyule Walton wa karatasi za nakshi, mapema miaka ya 1860: mafuta ya kitani yaliyogandishwa, unga wa gamba la mti na unga wa mbao juu ya kitambaa kigumu. Haina plastiki ndani, inapigwa deki kwa dakika tatu, na mtoto akianguka si sawa na kuanguka kwenye vigae. Chagua mraba mweusi na wa krimu, au rangi moja ya kijani. Hakikisha muuzaji anakupa linoleamu halisi, maana jina hilo siku hizi linapachikwa hata kwenye plastiki iliyochapwa.

Taa?

Mishumaa na taa za mafuta ziishie kwenye picha. Balbu ya umeme ilianza kufanya kazi ya maana mwaka 1879 mikononi mwa Joseph Swan huko Uingereza na Thomas Edison Marekani, kwa hiyo taa ya umeme si kosa la kihistoria. Tafuta kivuli cha kioo cheupe kama maziwa, balbu ya mwanga wa joto, na waya uliofichwa.

Ninapanga nyumba, siruhusiwi kugusa kuta.

Fanya skrini ya kukunja, yaani kiambaza chepesi cha kusimamisha chumbani. Mashine za kuchapa picha za rangi ziliposambaa, watu wa enzi ile walishikwa na wazimu wa kukata picha ndogondogo za maua, ndege, farasi na watoto, wakazibandika kwenye skrini za mbao na kitambaa, wakapaka vanishi juu. Zilisimama vyumbani mwa watoto kuzuia upepo, na mtoto mgonjwa kitandani aliweza kuzitazama siku nzima bila kuzimaliza. Unahitaji fremu tatu nyepesi, bawaba, gundi, mkasi na jioni kadhaa. Mtoto wa miaka minne anaweza kubandika nusu ya chini. Itapinda, itapishana, za zamani nazo zilipishana. Ikikauka, izuie miguu isiteleze na usiiweke karibu na kitanda cha mtoto mchanga.

Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu katika ukurasa huu wote, ningefanya hiki.

Vitu gani vya kuchezea vinaendana na enzi?

Farasi wa mbao wa kubembea, kijivu chenye madoa. Nyumba ya wanasesere. Vitofali vya herufi. Safina ya Nuhu yenye wanyama wawiliwawili, ambayo katika nyumba za washika dini ilikuwa mojawapo ya michezo michache iliyoruhusiwa Jumapili kwa sababu imetoka katika Biblia. Nunua vilivyotengenezwa leo kwa rangi salama. Vya kale vikae juu ya rafu asipofika.

Dubu wa manyoya? Samahani. Alizaliwa baada ya Victoria kuaga dunia: jina lake la Kiingereza linatokana na Rais Theodore Roosevelt, aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa alipokuwa akiwinda Mississippi mwaka 1902. Ila mimi dubu nimemwacha chumbani, na sijawahi kupata barua ya malalamiko.

Lazima iwe Victoria? Nikipenda enzi nyingine?

Si lazima. Ukipenda wepesi zaidi, mtazame mchoraji wa Kiswidi Carl Larsson na mkewe Karin, walioipamba nyumba yao ya Sundborn mwishoni mwa karne ya 19 kwa rangi nyekundu, kijani na nyeupe, samani za zamani zilizopakwa upya na vitambaa alivyofuma Karin. Picha za watoto wao wakiwa ndani ya vyumba hivyo ni darasa tosha. Ukipenda maumbo makavu, mwaka 1923 Alma Siedhoff-Buscher wa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, alibuni chumba cha watoto huko Weimar chenye makabati ya rangi za msingi na masanduku ambayo mtoto angeweza kuyageuza viti, gari au jukwaa. Ni historia ya miaka mia, ingawa mgeni atadhani umeinunua jana.

Changanya enzi mbili ukitaka. Tatu zinaanza kugombana.

Mtoto wangu ana miaka mitano na anataka dinosaria. Nimeshindwa?

Umeshinda, ila bado hujajua. Neno hilo lilibuniwa na mwanasayansi wa Kiingereza Richard Owen mwaka 1842, Victoria akiwa na miaka mitano tu kwenye kiti cha enzi. Mwaka 1854 sanamu kubwa za wanyama hao zilizochongwa na Benjamin Waterhouse Hawkins zilifunguliwa kwa umma katika bustani ya Crystal Palace, kusini mwa London, na hadi leo zipo palepale kando ya maji. Kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 1853, wanasayansi walialikwa kula chakula cha jioni ndani ya kalibu ya sanamu ya Iguanodon, mmoja wa dinosaria hao. Siku hizo walidhani ana pembe puani. Baadaye ikagundulika ile pembe ni ya kidole gumba.

Mtafutie mchoro wa zamani wa Iguanodon huyo mwenye pembe, uutie kwenye fremu ya mbao nyeusi, uutundike juu kidogo ya ukanda, kwenye usawa wa macho yake. Mwambie kuna kosa kwenye picha, akupe jibu kabla ya kulala.